Injini ya lori inagonga, inalia au inafoka? Pitia hapa kabla hujafungua bolti yoyote

Kuna mlio mmoja tu wa injini ambao haukupi muda wa kufikiria, na naanza na huo kwa sababu umeua injini nyingi sana ambazo bado zilikuwa zinaokoleka. Ni ule mgongo (mlio wa kugonga) mzito wa chini, du du du, unaoenda na mzunguko wa injini, alafu ukitupa jicho kwenye geji unakuta presha ya oili imeshuka au taa yake imewaka. Hapo zima. Usiseme ngoja nimalize huu mlima au nifike pale mbele. Injini ikiwa nzima krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake hazigusani kabisa, katikati kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu, presha ikianguka utando unakatika na chuma inakutana na chuma, dakika chache tu zinatosha kugeuza kazi ya kubadilisha beringi ikawa kazi ya kutafuta krankishafti nyingine, au bloku nyingine kabisa kama konrodi (mkono unaounga pistoni na krankishafti) imetokea ubavuni. Ukishazima subiri oili ishuke, chomoa dipstiki uangalie. Ikiwa chini sana tafuta inakovujia kwanza. Ikiwa imepanda juu kuliko ulivyoiacha, nyepesi na inanuka dizeli, ujue mafuta yanaingia kwenye oili, na oili ya hivyo haishiki presha hata ukiongeza galoni zima. Lori linavutwa, haliwashwi tena.

Milio mingine yote inakupa nafasi ya kuchunguza, na uchunguzi ndo sehemu ambayo watu wengi wanairuka. Mtu anaskia kugonga, anakimbilia kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), kumbe ilikuwa kompresa ya upepo. Hii inaniuma kweli, kwa sababu injini iliyofunguliwa bila sababu hairudi kirahisi kama ilivyokuwa, gasketi mpya, vumbi, bolti iliyokazwa vibaya, unaanza matatizo ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo kabla ya spana, maswali. Mlio unatoka injini ikiwa ya baridi tu, au ikishapata moto, au muda wote? Unatoka ikiwa silensa (hujakanyaga mafuta) au ukiwa na mzigo mlimani, au pale unapoachia mafuta ghafla? Ulianza wenyewe taratibu au ulianza siku ile ile baada ya sevisi, kubadilisha filta, kujaza mafuta sehemu mpya? Unapotea upepo wa breki ukijaa? Unabadilika ukikanyaga klachi? Ukijibu haya kwa ukweli umeshapunguza nusu ya kazi, na ukienda kwa fundi mwambie haya haya, usimwambie "inagonga" ukanyamaza.

Kitu kingine cha kuskiliza ni mwendo wa mlio. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) inazunguka nusu ya krankishafti, yaani injini ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 300 tu. Ndo maana milio ya tapeti na roka (vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke) inaskika ya polepole na myepesi, tik tik tik, juu ya injini, wakati mgongo wa konrodi unakuja kwa kasi mara mbili ya hapo na ni mzito, unatoka chini. Nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda) nayo inapiga mara moja kila mizunguko miwili kwa hiyo inaweza kufanana na tapeti kwa mwendo, hizo tutazitenganisha huko chini.

Kuhusu kuskiliza kwenyewe: lori liwe sehemu tambarare na ya wazi, sio ndani ya gereji iliyofungwa kwa sababu moshi unaua, kabari kwenye tairi, gia fri, breki ya mkono juu. Kama unabinua kabini hakikisha kifungio chake kimeshika kabla hujaingiza kichwa. Nguo zinazoning'inia, lanyadi, earphone, vua, feni ya lori haina huruma na nyingine inashika yenyewe injini ikipata moto bila kukupa taarifa. Chombo cha kuskilizia kizuri ni stethoskopu ya mafundi, ukikosa tumia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na kishikio kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kwa milio ya upepo na moshi tumia kipande kirefu cha bomba la mpira, mdomo mmoja sikioni mwingine unautembeza karibu na maungio. Mgusano wa chuma huskiki vizuri kwa bomba na upepo huskiki vizuri kwa bisibisi, kwa hiyo kuwa na vyote viwili. Tembeza polepole, linganisha silinda na silinda, sauti husafiri kwenye chuma hivyo sehemu ya kwanza uliyoskia kelele sio lazima iwe ndo chanzo, tafuta pale inapokuwa kali kuliko kote.

Anza na vitu vya nje. Ukiwa na mlio wa kulia au kupiga kelele nyembamba upande wa mbele, chukua chupa ya kupulizia maji, injini ikiwa silensa, ukiwa umesimama mbali na feni, puliza maji kidogo upande wa mistari ya feni belti. Kelele ikipotea alafu ikarudi baada ya muda mfupi, puli hazijanyooka kwenye mstari mmoja, moja imekaa nje au imepinda. Kelele ikizidi, belti imelegea na inateleza, kwa hiyo angalia kikazio chake kama springi imechoka. Usipake grisi wala sabuni kwenye belti kunyamazisha kelele, utaharibu mpira na tatizo liko pale pale. Kama ni mvumo wa kukwaruza hapo mbele na sio kulia, zima injini, toa belti, zungusha kwa mkono puli moja moja: alteneta, wota pampu, kikazio, ile puli ya kupitishia belti. Beringi mbovu utaiskia mkononi, inakwaruza au inacheza. Unaweza pia kuwasha injini bila belti uone kama mlio umeondoka, ila iwe ya baridi na isizidi kama dakika moja hivi, maana kwenye injini nyingi belti hiyo ndo inazungusha wota pampu. Wota pampu ikiwa na beringi inacheza usiiahirishe, ikifa inaondoka na silinda hedi.

Sasa kompresa ya upepo, hii naikalia kidogo kwa sababu ndo inayodanganya kuliko zote. Kwenye malori mengi imeungwa na gia za injini moja kwa moja, ina pistoni yake, konrodi yake na kon beringi (beringi za konrodi) zake, kwa hiyo ikichoka inagonga kwa sauti ile ile ya konrodi ya injini na mtu anaamini injini imenoki (beringi zake zimekufa). Kuitambua ni rahisi. Kanyaga breki mara kadhaa upepo ushuke, acha injini silensa iliyopandishwa kidogo, skiliza wakati kompresa inajaza. Upepo ukifika kiwango chake, malori mengi ni kati ya bar 8 na 12 hivi kutegemea aina, utaskia draya (kikausha upepo) inafoka pshhh na kompresa inaacha kusukuma. Kama kugonga kumepotea au kumebadilika sauti hapo hapo, alafu ukikanyaga tena breki upepo ukashuka kukarudi, mtuhumiwa umemshika. Rudia mara mbili tatu uwe na uhakika. Alafu fungua vali za chini za matangi, ukiona oili nyingi inatoka pamoja na maji hiyo ni dalili nyingine kuwa ringi za kompresa zimekwisha.

Kabla ya kununua kompresa nyingine fungua bomba lake la kutolea upepo moto, lori limezimwa, kabari zimewekwa, upepo umetolewa wote. Bomba hilo likiziba na kaboni kompresa inasukuma dhidi ya ukuta, inapata moto, inagonga na kupitisha oili, na ukifunga mpya bila kusafisha bomba hiyo mpya nayo inakufa. Angalia pia bomba dogo linalopeleka oili kwenye kompresa, na ile nati ya gia yake, nati ikilegea gia inacheza kwenye shafti na inagonga vibaya sana wakati kompresa yenyewe ni nzima.

Ukiskia tik tik kama ya tapeti ila inatoka ubavuni upande wa manifoldi ya ekzosi, inaskika zaidi asubuhi na inapungua injini ikipata moto, huo mara nyingi ni moshi unavuja. Chuma ikipata moto inatanuka na kuziba ufa. Angalia masizi meusi kwenye maungio, masizi hayadanganyi. Dawa ni gasketi mpya, stadi zilizokatika zitolewe, uso wa manifoldi upimwe kwa rula iliyonyooka kwa sababu imepinda mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na ukikaza anzia katikati kwenda nje kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

Mluzi unaopanda na mzunguko ni wa turbo. Mluzi mwepesi ni kawaida yake. Uliobadilika ukawa wa king'ora, pamoja na nguvu kupungua na moshi mweusi, kwanza kagua mabomba ya kutoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa) na kutoka hapo kwenda kwenye injini, klempu zilizolegea, mpira uliochanika kwa chini ambako huoni, tembeza bomba lako la kuskilizia na upake maji ya sabuni. Wengi wanabadilisha turbo wakati tatizo ni klempu. Ukimaliza hapo ndo uende kwenye turbo yenyewe: injini imezimwa na imepoa, toa bomba la hewa, shika shafti. Kucheza kidogo sana kwa upande inaruhusiwa, kuingia na kutoka isionekane kabisa mkononi, na pangaboi zisiguse ukuta hata ukizisukuma. Ukiona alama za kukwaruza ukutani hiyo imekwisha, na usiwashe tena injini maana vipande vinaweza kumezwa. Na kama turbo imekufa uliza kwanini, bomba la oili limeziba au dereva anazima injini hapo hapo akitoka mlimani bila kuiacha ipumue dakika chache.

Tapeti. Tik tik ya juu, mwendo wa polepole, inaskika vizuri ukiweka bisibisi kwenye kava ya roka. Kurekebisha sio kazi ngumu ila inataka utulivu na injini ya baridi. Vipimo vya uwazi (nafasi kati ya roka na valvu) vinatofautiana injini kwa injini, viko kwenye kitabu chake au kwenye kibao kilichobandikwa juu ya injini, na karibu kila mara ekzosi ina uwazi mkubwa kuliko intek kwa sababu valvu yake inapata moto zaidi. Usitumie kipimo cha injini nyingine kwa kukisia.

Kwa injini ya silinda sita mstari mmoja yenye mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4, ambao ndo wa malori mengi, silinda zinaenda kwa jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Zungusha injini kwa mkono kwa mwelekeo wake wa kawaida huku unaangalia valvu za silinda ya 6. Pale ekzosi inapomalizia kufunga na intek inaanza kufungua, zote mbili zinatikisika kwa pamoja, simama, hapo silinda ya 1 iko juu na valvu zake zimefungwa zote, pima hiyo. Zungusha theluthi ya mzunguko, sasa 2 ndo inatikisika, pima 5. Inafuata 4 ikitikisika pima 3, alafu 1 pima 6, 5 pima 2, 3 pima 4. Fila geji (bapa jembamba la kupimia uwazi) ipite kwa kukwama kidogo, na ukishakaza loknati pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka kidogo pamoja na nati na uwazi unabadilika. Ukikuta silinda moja uwazi umekuwa mkubwa sana kuliko wenzake usifurahi tu kwamba umepata tatizo, angalia pushrodi imepinda, roka imelika, au kamu yenyewe imeisha, maana ukikaza bila kuangalia itarudi muda si mrefu. Uwazi uliopungua sana hauna kelele kabisa lakini ni mbaya zaidi, valvu haikai vizuri na inaungua.

Nozeli inagonga kwa sauti kali, ya chuma kavu, tang tang, mara nyingi na moshi pamoja nayo. Dizeli ya baridi kugonga kidogo asubuhi ni kawaida, ikipata moto ikatulia achana nayo. Kama injini nzima imeanza kugonga silinda zote siku moja fikiria mafuta kwanza: yamechanganywa na petroli, au hewa inaingia njiani kupitia filta iliyofungwa vibaya au mpira uliopasuka, au pampu imefungwa na taimingi imewahi mno. Kama ni silinda moja, unaitafuta kwa kuzikata (kuzinyima mafuta) moja moja. Kwenye injini ya zamani yenye pampu ya mabomba, injini silensa, vaa miwani, funika na kitambaa, legeza nati ya bomba kwenye nozeli ya silinda ya 1 mpaka isiwake, skiliza, kaza, nenda ya 2. Silinda ambayo ukiikata kugonga kunapotea ndo hiyo. Alafu hamisha nozeli yake kwenda silinda nyingine, kugonga kukihama nayo ni nozeli, kukibaki pale pale tatizo liko ndani ya silinda. Jaribio hili halina gharama na linakuokoa kununua nozeli sita.

Naomba hapa unisome kwa makini. Hilo la kulegeza nati usilifanye KAMWE kwenye injini ya komon reli, ile ambayo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa na kuongozwa na kompyuta. Humo presha inaweza kupita bar 2,000, mafuta yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama bila maumivu makubwa mwanzoni, unaona kitundu kidogo tu, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa kitundu hicho. Ikitokea nenda hospitali saa hiyo hiyo uwaambie ni dizeli imeingia kwa presha, usisubiri ivimbe. Kwenye injini hizo kata silinda kwa mashine ya kudaignozi, inafanya kazi hiyo hiyo bila kugusa bomba. Na ukihamisha nozeli za komon reli zile namba zake za kodi lazima ziingizwe upya kwenye kompyuta ya injini pale zinapohitajika, la sivyo utatengeneza mgongo mpya.

Baada ya kuondoa yote hayo ndo tunaruhusiwa kushuka chini. Pistoni iliyochakaa inagonga kwa sauti ya uwazi, kama kitu kiko ndani ya ndoo, injini ya baridi, na inafifia ikipata moto, lori linaweza kuendelea na kazi huku unajipanga. Konrodi inafanya kinyume, oili ikipata moto na kuwa nyepesi inazidi, na inaskika sana pale unapopandisha mzunguko kidogo alafu ukaachia mafuta. Ukikata silinda husika inapungua. Men beringi (zile zinazoshika krankishafti kwenye bloku) ni nzito zaidi, inatoka ukiwa na mzigo, na kukata silinda moja hakuiondoi. Lakini kabla ya kushusha sampu kagua bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na ile dampa (kipunguza mtikisiko) ya mbele ya krankishafti, zikilegea zinatoa mgongo unaofanana kabisa na konrodi. Dampa ya mpira ikipasuka, au ile ya majimaji ikivuja au kubonyea, ibadilishwe, ikifa inaweza kuvunja krankishafti.

Funga pia geji ya mkono kwenye njia ya oili, usiamini ya dashibodi peke yake. Alafu toa filta ya oili uikate kwa kikatio cha kuzunguka, sio kwa msumeno, msumeno unaingiza chenga zake mwenyewe ukadanganyika. Kunjua karatasi yake, kamua, pitisha sumaku. Chenga zinazoshikwa ni za chuma, za rangi ya shaba ni za beringi zilizolika mpaka tabaka la ndani, nyeupe laini zisizoshikwa zinaweza kuwa za pistoni au za tabaka la juu la beringi. Ukiona shaba usiwashe tena. Shusha sampu, fungua kepu (vifuniko vya beringi) moja moja ukiwa umeziwekea alama, ukikuta krankishafti haijachubuka, ikapimwa na ikawa ndani ya kipimo, unaweza kufunga beringi mpya za saizi ile ile, ikiwa imechubuka inaenda kusagwa na unatumia beringi nene zaidi, kwa kawaida 0.25 au 0.50 milimita, ila uliza kwanza kama aina hiyo inaruhusu kusagwa. Na usifunge bila kujua kwanini beringi zimekufa: pampu ya oili, kichujio cha ndani ya sampu kuziba, dizeli au maji kwenye oili.

Milio ya nyuma ya injini ipime kwa klachi. Ukikanyaga pedali mlio ukatokea ni beringi ya klachi, ukikanyaga ukapotea ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Kishindo kimoja ukiwasha na kuzima ni mauntingi (mipira inayoshikilia injini). Mvumo wa gia upande wa mbele ni taimingi gia, ingawa kuna injini gia zake ziko nyuma kwenye flaiwili, usishangae.

Ukishatengeneza, rekodi sauti kwa simu, sehemu ile ile, mzunguko ule ule, na linganisha na ile uliyorekodi kabla hujagusa kitu. Alafu lipe lori mzigo na mlima kama ulivyokuwa siku mlio ulipotokea, kwa sababu kimya cha silensa hakithibitishi chochote. Kama ulifungua chini, badilisha oili na filta mapema kuliko kawaida, na hiyo filta nayo ikate uiangalie.